Mashua na Daftari

Wasomaji wa kurasa hizi ambao wananijua wanajua pia kwamba mimi si mtu wa michezo. Umri wangu umepita miaka 60, kazi yangu ilikuwa umeme wa majumbani na wa vyombo vya baharini, na tangu nilipoiacha, njia zangu ni tatu: ya msikitini, ya sokoni na ya kurudi nyumbani. Basi atakayesikia kwamba nimekaa miezi 7 nikisaidia kuunda mashua ya mashindano yenye urefu wa sentimita 75, inayokwenda kwa umeme na kuongozwa kwa redio na mtu aliyesimama pwani, ana haki ya kustaajabu. Mke wangu naye alistaajabu, na kustaajabu kwake hakukuwa kwa kimya. "Mtoto viatu vyake vya skuli vimeachama," aliniambia, "na nyinyi mwanunua sumaku."

Lakini khabari ninayotaka kuisimulia si ya mashua peke yake. Ni khabari ya fedha za mtu mwingine zilizokuwa mkononi mwangu, na ya neno moja nililoliandika katika daftari.

Ndugu yangu mkubwa, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa vyombo. Kazi aliipata Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, ambako mpaka leo watu huunda majahazi kwa tezo na keekee, kisha akahamia huku Mombasa akawa anatengeneza mashua za watu. Alifariki mwaka 2019, akaacha mtoto mmoja wa kiume mwenye umri wa miaka 9. Mirathi ilipogawanywa, fungu la mtoto likawekwa kwangu, kwani mimi ndiye niliyeusiwa. Halikuwa fungu kubwa: fedha kidogo za taslimu, sehemu ya kodi ya nyumba moja, na sanduku la zana. Mama yake alipoolewa tena, kijana akabaki nasi.

Siku ile ile nilinunua daftari lenye jalada gumu, nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa. Upande wa kulia niliandika yaliyoingia, na upande wa kushoto yaliyotoka. Kijana alipotimia miaka 12 nilianza kumwita kila mwisho wa mwezi, tukakaa pamoja mkekani, naye akasoma kila mstari na kuutia alama ya penseli pembeni akiridhika. Nilikuwa nikijivunia sana daftari lile. Niliwahi hata kulionesha kwa wageni, jambo ambalo sasa nikilikumbuka uso unaniwaka.

Mwaka jana, alipokuwa na miaka 14, alinijia na karatasi. Vijana fulani walikuwa wameanza kuchezesha mashua za namna hiyo katika hori ya Tudor, wameletewa tayari na jamaa zao kutoka Dubai, mpaka na betri ndani. "Ami," akaniambia, "mimi sitaki ya kununua. Nataka kuiunda. Naomba itoke katika pesa zangu."

Nilikataa. Mali ya yatima haitolewi kwa mchezo, nikamwambia, na yeye hakujibu kitu. Wiki mbili zikapita. Usiku mmoja nikamkuta uani amelifungua sanduku la marehemu, amezisugua zana zote kutu ikatoka, amezipaka mafuta, na randa ya baba yake ameishika kinyume. Nikamgeuzia mikono. Kisha nikaiona ile karatasi imebandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku, na mara hii nikaisoma.

Ilikuwa karatasi ya hesabu, na mimi kwa hesabu za umeme ni mtu dhaifu. Zikinijia sawasawa nashindwa kukataa. Aliandika kwamba seli moja ya lithiamu ni volti 3.7, na seli 4 zikifungwa kwa kufuatana ni volti 14.8. Mota aliyoichagua, isiyo na brashi, huzunguka mara 2,000 kwa dakika kwa kila volti, yaani mara 29,600 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Rafadha yake ina upana wa milimita 40, na kila mzunguko mmoja ingeisukuma mashua milimita 56 mbele kama maji yangekuwa kitu kigumu kisichoteleza. Zidisha, unapata karibu kilomita 99 kwa saa. Chini yake akaandika: "Maji huteleza na mota hulemewa. Toa thuluthi." Mtoto anayejua kutoa thuluthi katika tamaa yake anastahili kusikilizwa. Nikamkubalia kwa sharti kwamba kila shilingi iandikwe.

Kuongoza mashua kwa redio si jambo la juzi, ijapokuwa vijana hudhani limezaliwa pamoja nao. Nikola Tesla alilionesha mwaka 1898 mjini New York, katika ukumbi wa Madison Square Garden, mashua ndogo ikielea katika birika la maji huku yeye akiiamrisha bila ya waya. Hati ya kuumiliki uvumbuzi ule aliipata Marekani mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Umeme wa mashindano ndio uliokawia. Katika ujana wangu betri zilizokuwako za kuchezea kazi hii zilikuwa za nikeli na kadmiamu, seli moja volti 1.2 tu na nzito kama jiwe, hata mashua ya umeme ikaonekana kitu cha watu wazima wapole, na wenye haraka wakatumia mashine za mafuta. Betri za lithiamu na mota zisizo na brashi ndizo zilizoleta mageuzi. Mota ya kijana ilikuwa na unene wa milimita 36 na urefu wa milimita 60, inaingia ndani ya kiganja, lakini ikishikwa na kazi huvuta ampea zaidi ya 80. Plagi ya ukutani katika nyumba zetu ni ya ampea 13. Niliposhika nyaya zake mara ya kwanza nilizishika kwa adabu.

Tulianza na umbo. Mbao tulizotumia ni plaiwudi nyembamba ya milimita 3 juu ya mataruma madogo, halafu tukaivisha faiba na gundi ya epoksi ndani na nje. Tumbo lake lina pembe kama herufi V, ili likate mawimbi badala ya kuyapiga. Ndani ya omo tukajaza povu gumu, ili ikipinduka na kujaa maji isizame. Shafti si chuma kilichonyooka bali ni kebo ya chuma iliyosokotwa, inayopita ndani ya mrija wa shaba uliopindwa taratibu kutoka kwenye mota mpaka nje ya tezi, na sharti isokotwe kwa upande ambao mota ikivuta itazidi kukazana. Ikisokotwa kinyume hufumuka kama ukili. Ndani ya mrija hutiwa grisi, na grisi hiyo ni ya kubadilishwa kila mara. Ikumbuke grisi hii, ndugu msomaji, itarudi.

Maji ya bahari yenyewe ndiyo yanayopoza. Kuna kitundu chini ya tezi kinachoyapokea kwa nguvu ya mwendo, yakapita katika kikoba cha mota na katika chombo kile cha kurekebisha umeme, kisha yakatoka ubavuni kama mkojo wa mtoto. Ukiuona mshipa ule wa maji, moyo hutulia. Usipouona, rudisha mashua upesi, kwani huenda mwani umeziba.

Jambo lililowachekesha watu wa pwani ni rafadha. Katika mashua za kawaida rafadha huzama yote. Katika hizi za mashindano, mashua ikishapanda juu ya maji, rafadha hukaa nusu ndani na nusu nje, na bawa linalotoka huwa halina haja ya kuburura shina lake majini. Nahodha mmoja mzee, aliyekuwa akishona nyavu karibu nasi, aliinua ile mashua akaitazama tezi.

"Hii rafadha yenu itakula maji au itakula upepo?"

"Itakula vyote viwili, babu," kijana akamjibu.

"Basi itavimbiwa," akasema, akaendelea na nyavu zake. Tangu siku hiyo hakukosa hata jaribio moja.

Sasa nije katika kosa langu la kwanza, ambalo lilikuwa dogo. Umbo lilipokauka, kijana alikuwa katika mitihani. Nikaona nimfanyie hisani. Kwa muda wa usiku tatu nilichukua msasa nikazilainisha kingo zote za chini, khasa ile ya nyuma kabisa ambapo tumbo linakatika, mpaka zikawa mviringo na laini kama bangili. Marehemu ndugu yangu alikuwa akisema chombo kizuri hakikwaruzi mkono, nami niliona ninamfuata.

Siku ya jaribio la kwanza mashua ilinguruma, ikatifua maji, na haikupanda. Tezi ilikaa chini kama kuku aliyenyeshewa. Kijana aliitoa majini, akapitisha kidole nyuma, akageuka polepole.

"Ami, nani aliyetia msasa hapa?"

Nikamwambia ni mimi. Akanieleza, kwa heshima ambayo ilinichoma kuliko ukali, kwamba maji yakipita chini ya ukingo wa mviringo huufuata mviringo ule yakapanda nao, na kwa kufanya hivyo huivuta tezi chini. Ukingo ukiwa mkali kama wa rula, maji hukatika na kuachana na mashua. Jahazi linakwenda ndani ya maji, kwa hiyo ulaini unalifaa. Mashua hii inakwenda juu yake. Tukaujenga ukingo upya kwa epoksi, tukaupiga tupa mpaka ukawa mkali. Gharama ilikuwa shilingi 300, nikazitoa mfukoni mwangu papo hapo na kwa uso mkunjufu. Kukiri kosa la shilingi 300 ni rahisi sana.

Baada ya hapo mashua ilipanda, lakini ikawa inaruka kichwa juu kichwa chini kama pomboo. Hilo lilikuwa la uzito. Betri ilikuwa imekaa nyuma mno. Katika umbo la namna hii mahali pa mizani ni karibu asilimia 30 ya urefu ukipima kutoka tezi, yaani kwetu sentimita 22 na nusu. Tukaisogeza betri mbele kwa upana wa kidole gumba na kuruka kukakoma. Tukaweka pia bamba la kuzuia kuteleza, kwa upande wa kulia wa tezi. Katika mashindano ya nchi za nje mashua hizi huzunguka maboya kwa kufuata saa, maana yake mizunguko yote muhimu ni ya kulia, na bamba linawekwa huko huko ili lishike maji. Kukata kushoto kwa mwendo wa kasi si katika mambo yake. Kijana alinieleza hili mara mbili.

Tukajifunza na siku za kwenda. Bamvua haifai, mkondo wa hori unakuwa mkali na takataka nyingi. Tulingoja maji mafu, tukaenda mara baada ya jua kuchomoza kabla ya kusi haijaamka. Tukimaliza, kila kitu kinaoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kinafutwa, kinapakwa mafuta. Rafadha ile ina makali ya kisu; haikuwashwa hata siku moja ila mashua imo majini na watoto wako nyuma yetu, na waya wa kukata umeme uko nje mahali pa kuchomolewa kwa mkono mmoja. Redio nayo ilipangwa kwamba ikipoteza sauti ya mwenye kuiongoza, mota izime yenyewe. Kuna siku mtu mzima mmoja, mwenye heshima zake, alitaka kuweka pesa juu ya mashua yetu dhidi ya ile ya kununuliwa. Kijana alifunga sanduku tukaondoka. Sikumfundisha mimi kufanya hivyo, nasema kweli. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kumjibu mtu yule bila ya kumvunjia uso.

Betri ya lithiamu ina tabia zake, na kijana alizijua zote. Kila seli haipandi zaidi ya volti 4.2. Haishuki chini ya 3 ila huharibika. Ikipata kishindo au ikivimba, huachwa. Na haichajiwi bila ya mtu kuwapo. Yeye aliomba kwa ami yake mke chungu kikuukuu kilichopasuka mdomo, akakitia mchanga mkavu, akakiweka pembeni mwa ua mbali na kila kitu. Kila chaji ilifanyika humo, naye amekaa hapo hapo akisoma.

Ilikuwa usiku wa Alkhamisi. Kesho yake asubuhi maji yalikuwa mafu na skuli ilikuwa imefungwa, kijana yumo ndani anadurusu, na mimi nikataka mambo yawe tayari. Nikaichukua betri. Chungu kilikuwa mbali na plagi, nami sikutaka kuvuta waya mrefu. Nikaiweka juu ya meza ya stoo kando ya jiko. Chaja ile huchaji betri za kila namna na lazima mtu aichagulie. Mikono yangu imezoea betri za zamani. Nikaibonyeza mahali pa nikeli. Betri za nikeli zikijaa, volti zake hushuka kidogo, na chaja ikiona kushuka huko ndipo inapojua ikome. Lithiamu haitoi dalili hiyo. Chaja ikangoja dalili isiyokuja, ikaendelea kumimina.

Nami nikaenda msikitini. Baada ya isha nikakaa barazani na wenzangu, tukazungumza khabari za bei ya samaki.

Kijana alisikia kitu kikifoka kama birika. Alipofungua mlango wa stoo moshi mweupe ulimpiga usoni. Akachukua koleo la mkaa, akaibana betri ile inavyowaka, akaitoa mpaka uani, akaitupa katika chungu chake na kuimwagia mchanga. Halafu akarudi kuvuta chaja na mkeka uliokwisha kushika moto. Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa anamwagia maji mkono wake wa kulia, ngozi ya kifundo imebabuka upana wa shilingi mbili. Ukuta wa stoo ulikuwa mweusi mpaka darini. Mtungi wa gesi ya kupikia ulikuwa hatua tatu kutoka kwenye meza ile. Tulimpeleka hospitali usiku ule ule. Njiani hakuna aliyesema neno, na mimi nilikuwa namshukuru Mungu na kumwogopa mtoto kwa wakati mmoja.

Hakuniuliza chochote. Hakusema "Ami, si nilikwambia?" Laiti angalisema.

Siku mbili baadaye nilikwenda dukani nikanunua betri mpya na chaja mpya, shilingi 14,300, kutoka katika fedha zake. Nikafungua daftari. Upande wa kushoto, kwa khati yangu nzuri, nikaandika: "Betri na chaja, za kwanza zimeharibika: 14,300."

Sikudhani nimeiba. Nilikuwa na hoja, na hoja zenyewe zilikuwa zimesimama vizuri: mashua ni yake, betri ni yake, mchezo aliutaka yeye, na mimi nimemtumikia miezi mizima bila ya ujira. Tena mwezi ule nilikuwa nimeweka kando fedha za kuezeka upya paa la nyuma kabla ya masika, na fedha hizo zilikuwa karibu sawa na hizo.

Lakini litazameni lile neno, wasomaji wangu. Zimeharibika. Lugha yetu imempa mtu mahali pazuri pa kujificha. Kikombe kimevunjika, fedha zimepotea, chakula kimeungua, na wala hakuna aliyevunja, aliyepoteza wala aliyeunguza. Herufi mbili tatu katikati ya kitenzi, na mtu ametoka ndani ya nyumba kwa mlango wa nyuma. Niliyajua hayo wakati wino haujakauka, kwani kalamu ilisimama kidogo kabla ya neno lile, ikachagua.

Mwisho wa mwezi tukakaa mkekani kama kawaida yetu. Mkono wake ulikuwa bado umefungwa kitambaa, akaishika penseli kwa vidole viwili. Kodi iliyoingia, akatia alama. Karo, alama. Viatu vya skuli, alama, na mke wangu kutoka jikoni akasema alhamdulillahi. Akafika kwenye mstari wa betri. Akausoma. Penseli ikakaa pale kwa muda, kisha ikashuka mstari wa chini yake, ikatia alama, ikaendelea mpaka mwisho wa ukurasa. Akafunga daftari akanirudishia kwa mikono miwili, akasema "Ahsanta, Ami," akaenda zake.

Siku 11 niliutazama ule mstari usio na alama. Nililifungua daftari usiku wengine wamelala. Siku moja nilijiambia kwamba amesahau tu. Siku nyingine nikamkasirikia, nikasema mtoto gani huyu anayemhesabia mlezi wake. Mara ya mwisho nilikwenda kusimama stoo nikaupima kwa hatua zangu ule umbali wa mtungi wa gesi, nikarudi, nikazitoa fedha za paa kutoka mahali zilipokuwa.

Nikamwita siku ile ile baada ya al-asiri. Mbele yake nikaukata ule mstari kwa wino mwekundu, na chini yake nikaandika: "Betri na chaja nimeziharibu mimi, kwa kuchaji vibaya na kuondoka. Zimerudishwa 14,300." Nikazihesabu fedha mbele yake, nikaziandika upande wa kulia. Nilitaka na kusema maneno, nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi, lakini koo lilikuwa halinipi nafasi.

Kijana hakutazama fedha. Alichukua daftari, akarudi nyuma kurasa nyingi mpaka mwezi wa tatu.

"Ami, na grisi je?"

"Grisi gani?"

"Ya shafti. Shilingi 350. Ulinunua wewe kwa pesa zako, humu haimo. Na faiba ya pili pia haimo."

Nikamwambia aziache hizo, ni zawadi kutoka kwangu.

"Basi andika kuwa ni zawadi," akasema. "Kila shilingi iandikwe. Si ndiyo sharti?"

Nikaandika, na mkono wangu haukuwa imara. Grisi, zawadi. Faiba, zawadi. Akatia alama kwenye grisi, akatia kwenye faiba, kisha akaja mbele mpaka kwenye wino mwekundu akatia na hapo.

Juma lililofuata maji yalikuwa mafu, hori imelala kama kioo. Nahodha wetu wa nyavu alikuwapo. Kijana alifunga chombo kidogo cha kupimia mwendo kwa satalaiti, akaizungusha mashua mara nne, maji yakisimama nyuma yake kama mkia wa jogoo, na alipoitoa tukasoma kilomita 63 kwa saa. Tuliitafuta ile karatasi ya hesabu. Thuluthi aliyoitoa ilikuwa karibu sana na kweli.

Akatia betri ya pili, akaifunga, akaiweka majini. Halafu akanipa redio. Kwa muda wa miezi yote ile sikuwahi kuishika.

"Endesha wewe, Ami."

Nilipoikaza, mashua iliondoka kama iliyotukanwa. Nikaiona inaelekea kwenye nguzo za gati, nikababaika, yale yote niliyoelezwa mara mbili yakanitoka, nikakata kushoto. Ikaruka, ikajipindua hewani, ikaanguka tumbo juu mbali kiasi cha hatua 50. Nahodha mzee akasema, "Sasa imekula upepo." Kijana hakuweza kusimama kwa kicheko, na mkono wake haukuruhusiwa maji ya chumvi bado. Basi nikavua kanzu na kofia, nikamkabidhi, nikaingia baharini kuifuata.